Sista hachati, anapima!

Leo nakupeleka leba. Usicheke! Mimi kijana wa kiume wa Sinza, kazi yangu ni kuchora sura za programu za simu: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, ukibonyeza kitokee nini. Kampuni yetu ikapata kibarua cha kuwatengenezea manesi wanaozalisha programu ya kuchukua nafasi ya ile chati ya karatasi waiitayo patografu.

Kama huijui, basi sikia. Mama akishashikwa na uchungu wa kweli, nesi anaandika humo mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Anahesabu uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10, na kila baada ya saa 4 anapima mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani. Mstari ukilala badala ya kupanda, hapo kuna jambo, daktari aitwe. Na usidhani ni kitu cha Ulaya. Madaktari Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutokana na kazi yao Harare, enzi hizo ukiitwa Salisbury, ili mkunga wa kituo cha mbali ajue mapema nani apelekwe hospitali kubwa.

Bosi alitaka tuanze na rangi. Mimi nikakomaa tuanze na manesi, nikapewa ruhusa ya kukaa nao chumba chao cha chai, hospitali moja hapa jijini, jina nalihifadhi.

Jamani, manesi wana maneno! Nikatoa shikamoo, nikaonyesha mchoro. Mama mmoja wa makamo akaitazama simu mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, hii nitaibonyeza na glavu zenye damu?" Vitufe vikawa vikubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Mwingine akakataa kengele ya nusu saa isilie kama king'ora, maana mama aliye kitandani akisikia king'ora anajua mwanawe anakufa. Tukaweka taa inayomweka pembeni.

Kisha binti wa rika langu akasema, "Kaka, nikishika simu kitandani kwa mgonjwa, ndugu zake watasemaje? Nesi anachati!" Wakacheka wote, halafu wakanyamaza. Kumbe mwenzao alishapigwa picha akitazama saa kwenye simu ili ahesabu mapigo. Picha ikazunguka kwenye magrupu, na barua ya kujieleza akaandikiwa. Basi simu ya mfukoni tukaiacha, tukachukua kishikwambi chenye gamba la njano, kinakaa juu ya toroli na hakitoki wodini zamu ikiisha. Hata siri za wagonjwa hazipandi daladala.

Lakini kasheshe lenyewe lilikuwa saa. Nesi mmoja na akina mama sita, kila moyo usikilizwe dakika nzima kila nusu saa, hiyo ni mara 12 kwa saa moja, na hapo hajazalisha, hajashona, hajafuata damu maabara. Kwa hiyo mara nyingine chati hujazwa mtoto akiwa tayari ananyonya. Karatasi inavumilia. Programu haivumilii, inaandika muda yenyewe, na mteja wetu alitaka kila asubuhi mkubwa wa wodi apate orodha ya waliochelewa, majina kwa wino mwekundu.

Nesi inchaji aliweka kikombe chini. "Mkituwekea hiyo," akasema, "tutabonyeza namba yoyote kwa wakati. Mtapata chati nzuri na watoto wagonjwa."

We acha tu. Siku tatu sikulala vizuri. Nikarudi kwa bosi na mchoro mwingine: nesi aruhusiwe kuandika baadaye, ionekane wazi kuwa imeandikwa baadaye, na ripoti isitaje mtu bila kutaja alikuwa na akina mama wangapi saa ile. Bosi akasema mteja hataipenda namba hiyo, maana inamrudia yeye mwenyewe anayepanga zamu. Nikamwambia ndiyo maana nataka iwepo.

Wiki iliyopita mteja kakubali idadi ya akina mama ionekane. Majina bado anayataka. Jumatatu tuna kikao, na nimeomba nesi inchaji naye aalikwe. Kasema atakuja moja kwa moja akitoka naiti, ila nimwandalie chai ya maziwa, ile ya rangi ya wodini imemchosha.