Shilingi Tano Mpaka Ufe

Mtaani Huruma, Eldoret, mwishoni mwa miaka ya 1990, bei ya Contra ilikuwa kifo. Ulitoa shilingi tano, ukacheza mpaka maisha yako matatu yakaisha, ukampisha mwingine. Aliyeujua mchezo alikaa nusu saa kwa sarafu hiyo moja. Asiyeujua aliangukia pale msituni mwa hatua ya kwanza, hata darajani hajafika, akarudi nyuma kusimama na watazamaji. Nimecheza gemu nyingi tangu wakati ule, zenye picha nzuri zaidi na hadithi ndefu zaidi, na bado naamini hakuna malipo yaliyowahi kuufaa mchezo kama yale.

Kibanda tulichochezea kilikuwa cha mabati, nusu kinyozi, nusu gemu. Televisheni ilikuwa Great Wall ndogo isiyo na rangi. Mashine ilikuwa nakala ya Famicom, ile ambayo Nintendo iliizindua Japani mwaka 1983, ila yetu haikuwa na jina la Nintendo popote. Kaseti yake iliandikwa kwamba ina michezo 9,999,999. Ukishuka kwenye orodha ulikuta michezo michache tu ikijirudia, Contra ile ile ikipewa jina jingine na kuanzia hatua ya tatu au ya tano. Hilo halikutusumbua, maana tulichokitaka kilikuwamo.

Pedi zilikuwa mbili, na hazikuwa sawa. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vya kuanzisha na kusimamisha; ya pili haikuwa navyo. Aliyeshika ya kwanza ndiye aliyeamua tuanze lini na tupumzike lini, na mara nyingi ndiye aliyetoa pesa. Mimi nilikua na pedi ya pili. Binamu yangu alikuwa na ya kwanza.

Konami iliitoa Contra mwaka 1987 kwa zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, na mwaka uliofuata ikaileta kwenye mashine ya nyumbani. Askari wawili, Bill na Lance, wanakimbia kuelekea kulia wakipiga risasi, hatua nane, mpaka wanaufikia moyo wa zimwi lililotoka anga za mbali. Hadithi inaishia hapo, na haikuhitaji zaidi. Uzuri wa mchezo ulikuwa katika haki yake. Risasi ya adui ilikuwa nukta nyeupe inayokuja polepole kiasi cha kuonekana. Ungeweza kulala kifudifudi ikapita juu yako, au kuruka ukajikunja hewani, ukawa mdogo kuliko ulivyo. Ukifa, ulijua umekufaje, na walio nyuma yako walijua pia, tena wakakueleza bila kuombwa. Kwa mtoto asiye na sarafu, kusimama nyuma kulikuwa shule. Nilijua bosi wa hatua ya kwanza anafyatua kutoka wapi kabla sijawahi kumfikia kwa mkono wangu.

Kasoro zilikuwapo, na nyingine ni kubwa. Bunduki ya S, inayotawanya risasi tano kwa mkupuo, iliua maana ya bunduki nyingine zote. Ile ya mwale ilikatisha risasi yake yenyewe ukibonyeza kwa haraka, na ile ya moto ilizungukazunguka hewani kana kwamba haijui iendako. Ukigongwa mara moja tu umekufa, na S yako imekwenda nawe. Unafufuka mbele ya bosi yule yule na bunduki dhaifu ya mwanzo. Kisha kulikuwa na kule kupepesa. Mashine haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande vinane vya picha katika mstari mmoja wa skrini, na vikizidi, vingine vinapotea na kurudi. Kipande kinachopotea kinaweza kuwa risasi inayokujia. Hapo haki yenyewe ilivunjika. Na hakuna kilichohifadhiwa: stima ikipotea, jambo la kawaida Eldoret msimu wa mvua, aliyefika hatua ya saba alianza upya sawa na aliyefia ya kwanza.

Kasoro iliyojadiliwa kuliko zote pale kibandani ilikuwa ya hatua ya tatu, maporomoko ya maji. Huko hukimbii kulia tena, unapanda mwamba kwa mwamba, na skrini inamfuata aliye juu. Haishuki. Aliyebaki chini, ukingo wa skrini ukimpita, anakufa bila risasi wala adui. Aliyeitengeneza angeweza kumzuia wa juu asipande mpaka mwenzake afike. Hakufanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba aliye hodari zaidi ndiye aliyekuwa hatari kubwa kwa rafiki yake.

Kelele za hatua ile zilijulikana hadi barabarani. "We, ningoje!" "Usipande! Usipande bado!" Binamu yangu, mwepesi wa vidole, aliniua maporomokoni mara nyingi kuliko maadui wote wa Contra kwa jumla, mpaka siku moja kijana mmoja mkubwa, aliyekuwa ananyolewa upande wa pili, akamwambia bila kugeuza kichwa: ukimwacha huyo, bosi wa juu utampiga peke yako. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Alifika juu na akafa. Kuanzia hapo tukawa na utaratibu. Yeye anapanda miamba miwili, anasimama, anapiga risasi kulinda upande wangu, nami napanda. Tulihesabu kwa sauti. Kwa muda mrefu niliiita hatua hiyo makosa ya watengenezaji. Leo naiona kuwa ndiyo hatua bora ya mchezo mzima, kwa sababu haikuruhusu mtu kuwa hodari kivyake.

Halafu ukaja msimbo. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na maisha matatu yanakuwa thelathini. Ulitungwa na Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa Konami aliyefariki Februari 2020. Aliuweka kwanza katika Gradius, mwaka 1986, kwa sababu mchezo ulimwia mgumu mno alipotaka kuujaribu. Huruma uliingia kwa mdomo, mtoto kwa mtoto, na katika wiki chache kila mmoja aliufahamu kuliko masomo ya shule.

Mwenye kibanda alielewa upesi kuliko sisi. Watoto wawili wenye maisha thelathini kila mmoja walikalia benchi mchana kutwa kwa shilingi tano. Kwanza alipiga marufuku msimbo, lakini nani angevilinda vidole vyetu? Basi akatundika saa ukutani, na kuanzia siku hiyo tukalipia dakika. Simlaumu, ilikuwa biashara yake. Lakini mchezo ulibadilika palepale. Mtu hakulala tena chini kukwepa risasi, kwa kuwa kulala kulipoteza muda. Tulikimbia moja kwa moja, tukifa na kufufuka. Maporomokoni hakuna aliyemngoja mwenzake, maana mwenzako akifa ana maisha mengine ishirini na sita. Tulimaliza hatua zote nane, kisiwa kikalipuka, helikopta ikaondoka, nasi tukatazamana tusijue cha kufanya. Muda ulikuwa haujaisha.

PlayStation ilipofika mtaani, saa ikashushwa, tukalipia mechi za mpira. Anayeshindwa anatoa pedi, mshindi anabaki. Mpira ulikuwa mzuri, nami niliupenda, ila aliyekaa kando yako sasa alikuwa mpinzani, na kumfundisha ni kujiondoa mwenyewe kwenye benchi. Watazamaji walianza kuficha wanachokijua. Baadaye zikaja simu. Wapwa zangu hucheza Free Fire, wakiwa wanne kwenye kochi moja, kila mmoja na skrini yake na bando lake, na mara nyingine wako timu moja bila mimi kutambua. Nimewauliza, wakanionyesha jinsi wanavyofufuana. Kwa hiyo siwezi kusema ushirikiano umekufa. Ninachokikosa ni ile skrini moja inayomlazimisha aliye mbele kujua aliye nyuma yuko wapi.

Contra haijatoweka. Mwaka 2019 Konami ilitoa mkusanyiko wa zile za zamani, unaokuruhusu kuhifadhi mchezo mahali popote, na mwaka 2024 ikaja Operation Galuga, iliyoisimulia upya ile ya kwanza kwa picha za kisasa. Miaka mingi baada ya Huruma nilitazama toleo la Kijapani la 1988, lililokuwa na chipu ya ziada ndani ya kaseti, nikaona majani ya minazi ya hatua ya kwanza yakipepea. Sisi tulicheza msitu uliosimama tuli. Nilifurahi kuyaona, lakini sikuona kwamba tulipungukiwa. Mvuto wa mchezo haukuwa kwenye minazi.

Nimeucheza tena na binamu yangu, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu. Hatukutumia msimbo wala kuhifadhi. Tulifia hatua ya nne, ndani ya ngome, mahali ambapo mchezo unatazamwa kutoka mgongoni na mwendo wake unazorota. Sehemu hizo za ngome sikuzipenda zamani na sizipendi leo. Maporomokoni tulipita salama. Alipanda miamba miwili, akasimama.

Eldoret ni jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, na kumbi za gemu zimeongezeka, zenye skrini pana na viti vya ngozi. Kwa wenye kumbi hizo nina ombi moja. Tengeni kona moja, wekeni televisheni moja, pedi mbili na Contra, mfunge msimbo, na mtoze kwa kifo badala ya dakika. Wekeni na benchi nyuma kwa ajili ya wasio na pesa, maana hao ndio watakaowafundisha wanaolipa.