Debe Likifika Mdomoni

Miaka ya 1980, nikiwa mtoto Ruiru, nilidhani mtu jasiri ni wa machimboni. Wanaume waliochonga mawe ya kujengea huko upande wa Juja walipita jioni weupe kwa vumbi, nyundo begani, nasi tukiwafuata nyuma kuwatazama misuli. Mama hatukumweka katika kundi hilo. Yeye alichuma kahawa.

Likizo ya Novemba na Desemba iliangukia msimu mkubwa wa kuchuma, kwa hiyo tulikwenda naye shambani umande haujakauka. Sharti lilikuwa moja: nyekundu tu. Mbichi na zilizokauka huharibu ladha na kushusha daraja, ndiyo maana alasiri kila mtu alimwaga kahawa yake juu ya gunia aichague upya. Wapo waliozificha mbichi chini ya debe. Mama hakufanya hivyo hata siku ambazo malipo hayakufika bei ya pakiti ya unga. Aliichagua kahawa isiyo yake kama anayechagua mchele wa wageni.

Tulilipwa kwa debe, na kwenye debe ndiko kulikokuwa na vita. Siku moja karani alimwamuru mama alitingishe, aongeze, alitingishe tena.

"Wewe mama, ongeza."

Mama akaweka viganja viwili juu ya kahawa. "Karani, debe likifika mdomoni limejaa. Ya juu ni ya watoto wangu."

Hakupaza sauti. Nyapara alikuwa amesimama pale pale, foleni imenyamaza. Karani akatishia kumfuta kazi, mama hakusogea. Kisha mwanamke aliyemfuata akatua debe lake, nalo limefika mdomoni tu, na wa nyuma yake vile vile. Karani akaandika. Mama alilipia jambo hilo, maana baada ya hapo alikaa muda mrefu bila kuitwa kibarua, tukala githeri ya mahindi mengi na maharagwe ya kuhesabu. Sikumsikia akijuta.

Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa hapo Ruiru kilitoa aina mpya, Ruiru 11, inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Baadaye mama mdogo alipata kibarua cha kuitengeneza mbegu yake. Ni chotara, haiokotwi tu chini ya mti: ua huondolewa sehemu zake za kiume kabla halijafunguka, likapakwa kwa mkono chavua ya mti mwingine, na tawi likafunikwa mfuko. Maua ya kahawa nayo hayangoji mtu. Yakishaamshwa na mvua na kufunguka, hunyauka baada ya siku chache. Alishinda wima, shingo imeinama, ua baada ya ua, na akikosea, mkulima asiyemjua angekuja kugundua miaka kadhaa baadaye. Tangu nilipomwona akirudi na macho mekundu, misuli ya machimboni ilipungua uzito kwangu.

Julai 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Mibuni ikang'olewa, shamba baada ya shamba. Rais Mwai Kibaki alipofungua barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa, Novemba 2012, ardhi ilikwisha kuwa na thamani kubwa kuliko chochote kinachoota juu yake. Ruiru ya sensa ya 2009 ilikuwa na watu karibu 239,000. Ya 2019, zaidi ya 490,000. Mama alikuwa amehamia Thika zamani, akiuza sukuma wiki Makongeni.

Watu wa rika langu hupenda kusema vijana wa leo hawana bidii. Sikubali hata kidogo. Nendeni Ruiru mkaone kazi ya mjengo, wasichana wakipandisha zege hadi ghorofa ya nne palipokuwa na mibuni. Binti wa dada yangu ni mmoja wao. Mama alitegemea daftari la karani kwa sababu hakujua kusoma. Binti huyu ana lake, limechakaa kwa saruji, lenye tarehe, kazi na deni. Jumamosi moja msimamizi alipokana siku zake, alilifungua mbele ya wenzake wote na kumsomea mstari kwa mstari. Akalipwa, na wenzake wakaanza kununua madaftari.

Septemba anaingia Thika Technical kusomea umeme. Karo ya muhula wa kwanza amelipa mwenyewe.