Andika Ulichosikia

Kila mtu na ulevi wake. Yuko wa mpira, yuko wa bao, yuko wa kufuga njiwa. Mwenzenu ulevi wangu ni kusikiliza redio za ndege za kijeshi. Ukilisema hilo kijiweni unachekwa, tena wengine wanakuangalia kwa jicho la pembeni. Lakini nimeona niandike, kwa sababu wengi mnaosoma kurasa hizi mnataka kuwa waandishi kama mimi, na mimi uandishi nimejifunza huko zaidi kuliko nilivyojifunza darasani hadi kidato cha nne.

Msidhani niko peke yangu. Ingawa hapa Dar es Salaam tunaojuana ni wawili tu, duniani tuko wengi. Huko Uingereza wapo watu wazima, wenye wake na wajukuu, wanaoshinda nje ya uzio wa viwanja vya Mildenhall na Lakenheath, vinavyotumiwa na Jeshi la Anga la Marekani. Mtu na kiti chake cha kukunja, chupa ya chai, darubini shingoni na skana mkononi. Skana ni redio ndogo inayopekuapekua masafa mpaka inase sauti. Ndege za kijeshi huzungumza sana kati ya megahezi 225 na 400, na mawimbi hayo hunyooka kama mwanga wa tochi. Ukiwa mbali huambulii kitu, ndiyo maana wanasogea uzioni.

Sisi wa mbali tunategemea mawimbi mafupi, yale yale ambayo babu zetu walisikilizia taarifa ya habari kutoka London. Hayo hupanda juu, yakadunda kwenye tabaka la anga lenye chaji ya umeme, yakashuka maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Huko Jeshi la Anga la Marekani lina mtandao wake uitwao HF-GCS. Vituo vyake vimetawanyika duniani, kimojawapo Diego Garcia, humu humu katika Bahari ya Hindi, na kingine kisiwa cha Ascension kule Atlantiki. Masafa yake makubwa hayakufichwa: kilohezi 8992 na 11175. Ila redio ya kawaida itakupa sauti ya bata aliyekabwa koo. Inatakiwa yenye kitufe cha SSB.

Na unasikia nini? Unasikia mtu, mara nyingi sauti ya kijana wa rika langu, anasoma herufi na tarakimu moja moja: Alfa, Tango, saba, Foxtrot. Akimaliza anarudia. Hana hasira wala furaha, utadhani karani anasoma majina ya wagonjwa zahanati. Ujumbe ni fumbo, na ufunguo anao aliyetumiwa tu. Sasa kumbuka kwamba njia hiyo hiyo ni mojawapo ya zile zilizowekwa kupeleka amri kwa vikosi vya silaha za nyuklia. Wewe umekaa kitandani, jirani anakaanga samaki, na masikioni mwako mtu anataja herufi ambazo huenda ni mazoezi ya kila siku, au huenda sivyo. Nywele zinasimama, walahi.

Aliyenifundisha haya yote ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, opereta wa redio melini enzi za ujana wake. Namwita Babu, naye ananiita mjukuu. Daftari lake limechorwa mistari kama leja ya duka: tarehe, saa, masafa, nani kaita, kasema nini. Saa tunaandika za dunia, UTC, kwa hiyo kwetu ikiwa saa 3 usiku yeye anaandika 18:00. Na kanuni yake ni moja: "Mjukuu wangu, andika ulichosikia. Mahali pa mkwaruzo weka kistari. Kistari si aibu. Aibu ni kuziba tundu kwa uongo."

Nilimbishia. Nikamwambia, "Babu, mimi naandika riwaya. Kazi ya mwandishi si ndiyo hiyo ya kuziba matundu?"

Akanijibu, "Sawa, lakini utalizibaje kama hujui liko wapi?"

Neno hilo limenikaa. Tazama mambo yalivyokwenda mwaka 2011. Mwezi Machi, majeshi ya Magharibi yalipoanza kuipiga Libya, wasikilizaji wa Uholanzi walinasa kwenye kilohezi 6877 tangazo la ndege ya Kimarekani kwa meli za Libya. Lilisomwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu: msitoke bandarini, mkitoka mtapigwa. Watu wasio na cheo, sebuleni kwao, walirekodi sauti ya vita kabla magazeti hayajajua la kuandika. Na hawakuongeza chumvi. Waliandika saa, masafa na maneno, basi.

Lakini ulevi huu una uchungu wake. Machi 2003, vita vya Iraq vilipoanza, ndege za B-52 ziliruka kutoka Fairford, Uingereza, mbele ya watu wa uzioni na kamera za televisheni. Kutoka hapo hadi Baghdad ni mwendo wa saa sita hivi. Hebu jiweke mahali pao. Umeandika saa ya kuruka, umekunja kiti, umerudi nyumbani kula. Unajua kitu ambacho mama mmoja wa Baghdad, anayewalaza wanawe, hakijui. Utafanya nini nacho? Huna namba yake ya simu. Una daftari tu.

Na daftari lenyewe ni hatari. Mama yangu alilikuta langu chini ya godoro, akaliona limejaa herufi zisizosomeka, akaketi chini. "Mwanangu," akasema, "hizi namba zitakupeleka Segerea. Lichome leo." Mjomba naye akaongeza lake, kwamba kijana asiye na kazi ya maana hachunguzi mambo ya jeshi.

Mama hakuwa na woga wa bure. Novemba 2001 wapenzi wa ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakidaiwa kuwa majasusi. Kosa lao lilikuwa kuandika namba za ndege. Walikaa rumande wiki kadhaa, na Aprili 2002 mahakama ikawatia hatiani, wengine wakapewa hadi miaka mitatu. Novemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikawaachia huru wote. Huko Uingereza kwenyewe sheria inakataza kusikiliza kwa makusudi mawasiliano yasiyokuhusu bila idhini, na wale wa uzioni wanaijua. Mtu anaweza kupenda kitu kwa moyo mweupe, na karatasi yake ikasomwa kwa macho meusi.

Basi tulikaa tukaelewana. Sisogelei kambi yoyote, sigusi mambo ya jeshi letu, na ninachosikia hakitoki chumbani. Yote nikayakubali. Kulichoma nikakataa, na nikamweleza mama kwa nini.

Nilimweleza habari za ndege moja, Boeing 737 yenye namba N313P. Haikuwa na rangi za kijeshi. Januari 2004 mpenzi mmoja wa ndege aliipiga picha Palma de Mallorca, Hispania, kama anavyopiga nyingine zote. Kumbe ndiyo iliyokwenda Skopje tarehe 23 mwezi huo kumchukua Khaled el-Masri, raia wa Ujerumani aliyekamatwa kwa kufananishwa na mtu mwingine, na CIA wakamsafirisha hadi Afghanistan. Wakubwa walikana. Lakini namba na picha za watu wa uzioni ziliwasaidia waandishi wa habari kufuata nyayo, na kumbukumbu za safari zikawekwa mezani. Desemba 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa haki yake.

Mama akauliza, "Sisi yanatuhusu nini?"

Nikamtajia Suleiman Abdullah Salim, Mtanzania mwenzetu. Alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akapitishwa Kenya na Djibouti, akaishia gereza la siri la CIA huko Afghanistan. Aliteswa. Aliachiwa 2008 bila kufunguliwa mashtaka yoyote, akarudi Zanzibar. Kesi aliyofungua pamoja na wenzake dhidi ya wanasaikolojia waliobuni mateso yale ilimalizika kwa makubaliano Agosti 2017. Nikamwambia mama: laiti kila uwanja aliopitishwa ungekuwa na mtu mmoja mwenye kalamu, anayeandika tu, hata bila kujua anaandika nini.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi liweke mahali pakavu." Siku hizi limo ndani ya sanduku lake la kanga.

Wenzangu mnaoandika, mimi bado sijachapisha kitabu. Riwaya yangu iko sura ya saba na inanitoa jasho. Lakini hili nawapa bure. Kabla hujabuni, sikiliza. Andika saa. Andika mtu alivyosema, si alivyopaswa kusema. Mahali usipojua weka kistari, uendelee. Kubuni kutakuja, hakuna atakayekunyang'anya. Ila mambo yaliyotokea kweli yakipita bila mtu kuyaandika, wenye nguvu watayaandika wao, na wao hawaweki vistari.