Nakala na Uongo

Katika gari zima kuna vitu viwili ambavyo mkono wa dereva huvishika kuliko vingine vyote: usukani na kichwa cha gia. Usukani ni mpana, na mikono huhamahama juu yake. Kichwa cha gia ni kidogo, huenea katika kiganja kimoja, na hushikwa mahali palepale, kwa namna ileile, mara nyingi kwa siku. Ndiyo maana gari likizeeka, hapo ndipo mtu anapoweza kuona kwamba lilikuwa na mwenyewe. Wengine hukiita nobu. Mimi nimezoea kukiita kichwa cha gia, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu hapa Mombasa imekuwa kutengeneza vichwa vipya vinavyofanana na vile vya zamani, kwa ajili ya magari ambayo viwanda viliacha kuyaunda.

Najua msomaji atauliza kama hiyo nayo ni kazi ya kumlisha mtu. Swali ni la haki. Gari huenda hata mkono wa gia ukiwa chuma kitupu. Nimeona Land Rover iliyofungwa kitambaa badala ya kichwa, na gari jingine lililopachikwa nati kubwa. Lakini nchi yetu ina historia ndefu na magari. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Datsun 240Z ilishinda 1971 na tena 1973. Watu walisimama kando ya barabara wakirushiwa matope ili tu wayaone magari hayo yakipita, na waliokuwa watoto siku hizo ndio wazee walioyanunua baadaye na kuyafufua. Tangu 2003 pamekuwa na mbio za Safari za magari ya zamani. Na kule Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, pamekuwa na mashindano ya urembo wa magari, ambako waamuzi hukagua injini, viti, buti na hata uvungu wa gari. Mtu aliyetumia miaka mitano kulitengeneza gari lake hataki kufika mbele ya waamuzi wale na nati juu ya mkono wa gia.

Kazi yenyewe huanzia ndani, kwenye tundu. Kichwa cha gia hufungwa kwa nyuzi za skrubu, ambazo sisi mafundi huziita tredi, na tredi zina makabila kama watu. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza za kwake mwaka 1841, zenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kuhusu tredi za pamoja zenye pembe ya digrii 60, kwa hiyo fundi anayeletewa gari la Kiingereza la miaka ya 1950 hana budi kupima kabla ya kusema neno. Datsun 240Z inataka tredi ya milimita 8, yenye hatua ya milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi wa pili. Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa kobe ilianza na milimita 7, ikaja 10, kisha 12. Ukilazimisha tredi za kabila moja juu ya chuma cha kabila jingine, zitaingia mizunguko miwili mitatu, utadhani umepatia, halafu zitasagika. Na chuma kitakachoharibika si changu, ni cha mteja.

Baada ya tundu huja umbo. Vichwa vingi vya zamani vilikuwa vya bakelaiti, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Bakelaiti ikishaiva kwa joto haiyeyuki tena, kwa hiyo kichwa kilichopasuka hakiwezi kuyeyushwa na kusubiwa upya. Badala yake natumia rezini. Nakifunika kichwa cha asili kwa mpira wa silikoni, mpira ukishikana nakitoa, na nafasi inayobaki ndiyo kalibu yangu. Vichwa vya mbao navikereza kwa mashine. Nikitaka mbao nyeusi, hakuna inayoushinda mpingo, mti mzito unaozama majini, uleule unaotengenezewa klarineti. Ndani ya kila kichwa naweka bomba fupi la shaba ya manjano, ili tredi zishike chuma na si mbao.

Rezini ina tabia moja ambayo kila fundi anapaswa kuijua: inapokauka hunywea. Nakala huwa ndogo kuliko asili yake, kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini vernia hukiona. Mtu akitengeneza kalibu kwa kutumia nakala, nakala ya pili itanywea tena, na ya tatu zaidi, hadi mkono nao utambue kwamba kuna jambo lisilo sawa. Kwa hiyo sikubali kunakili nakala. Naanza na kitu cha asili, na nikikikosa naanza na vipimo vyake.

Lakini asili ni ipi? Hapa ndipo linapozuka swali lililonifanya niandike kurasa hizi. Kichwa cha zamani kinachofika mezani kwangu hakifanani tena na kile kilichotoka kiwandani. Kimelika. Na hapa kwetu kimelika kwa namna yetu: tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, dereva hukaa kulia, kwa hiyo gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto. Mkono ule ambao hatuutumii kulia chakula wala kumpa mtu kitu, ndio uliobeba kazi yote hiyo bila kushukuriwa. Kichwa kilichotoka katika gari la Ufaransa kimeshikwa na mkono wa pili. Je, ninakili kile kilichotoka kiwandani, au kile kilichotoka mkononi?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa jepesi. Kipya ni kipya, na kulika kwake ni kazi ya mwenyewe. Kisha nikaletewa maombi mawili.

La kwanza lilitoka kwa mfanyabiashara wa magari ya zamani, mtu mwenye adabu na mkoba mnene. Alitaka vichwa 12 vya Datsun 240Z, vya mbao, na alitaka viwe vimekwisha kulika. Alinieleza bila kificho: nivipige msasa upande wa kiganja, nivipake chai nzito iingie katika vinyweleo vya mbao, nififishe mchoro wa gia ulio juu.

"Fundi," aliniambia, "mnunuzi hanunui mbao. Ananunua zamani. Wewe mpe hiyo zamani."

Aliahidi mara tatu ya bei yangu. Nilikataa, wala si kwa sababu mimi ni mtakatifu; mwezi ule karo ya shule ilikuwa ikinidai. Nilikataa kwa kuwa nilijua yatakayosemwa juu ya vichwa vile vikishatoka mlangoni kwangu: kwamba vimefunguliwa katika magari ya miaka ya 1970, na labda kimoja kiliwahi kukimbia Safari.

Haukupita muda akaja kijana kutoka Voi, amekifunga kichwa cha gia katika leso. Kilikuwa cha Land Rover Series III, zile zilizoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Aliyewahi kuziendesha atakumbuka kwamba zina mikono mitatu ya gia: mweusi wa gia zenyewe, mwekundu wa kubadili kati ya mwendo wa kawaida na ule wa nguvu, na wa manjano wa kuunganisha magurudumu yote manne. Kichwa chekundu na cha manjano vilikuwa vizima. Cheusi kilikuwa kimepasuka, na ufa ulimkata kiganja kila alipobadilisha gia.

Gari lilikuwa la baba yake, daktari wa mifugo, aliyeliendesha karibu miaka 30 mpaka alipofariki. Upande mmoja kichwa kilikuwa kimebapa kidogo. Baadhi ya namba zilikuwa zimefutika kabisa. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, na kijana akanieleza kwamba ni ya pete.

"Mzee, naomba unifanyie kipya," akasema. "Lakini kiwe na haya yote."

Nilinyamaza. Kazi aliyoniomba ilikuwa ileile niliyomkatalia mwenye mkoba. Msasa ni uleule, na kufifisha mchoro ni kulekule. Kama ubaya ulikuwa katika kazi ya mikono, ilinipasa nimkatalie na huyu. Na kama ningemkubalia huyu, ningemweleza nini yule wa kwanza? Kwamba huyu alikuwa na huzuni, na yeye hakuwa nayo? Huzuni si hoja. Hata mwongo aweza kufiwa.

Nilimwambia aniachie kichwa, nikakaa nacho wiki nzima.

Nionavyo mimi, mbao na rezini hazisemi uongo wala kweli. Uongo ni neno linaloambatana na kitu kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Yule mfanyabiashara alihitaji mtu mmoja asijue, yaani mnunuzi. Bila kutojua huko biashara yake isingekuwapo. Kijana hakuhitaji mtu yeyote asijue. Alijua yeye, alijua mama yake, nilijua mimi. Alichotaka ni kiganja chake kikae pale kiganja cha baba yake kilipokaa, bila kukatwa na ufa. Hapo tofauti ikawa wazi kwangu.

Hata hivyo sikutulia. Land Rover ni gari linalodumu. Mimi nitakufa, na kijana naye siku moja atakufa, na gari litauzwa. Atakayelinunua atashika ule ubapa, ataiona ile mikwaruzo, na ataamini ni kazi ya mkono wa mtu na miaka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walikuwa wakimsema mtu, kwa kuwa mtu huulizwa maswali akajikwaa. Kitu hakiulizwi. Uongo wa kitu huweza kwenda mbali sana baada ya aliyekitengeneza kusahauliwa, tena bila yeye kukusudia.

Basi nilifanya hivi. Nilikitengeneza kichwa kama alivyoomba, kwa kalibu iliyotokana na kile cha baba yake, pamoja na ubapa na mikwaruzo yake. Ule ufa niliujaza kwanza kwa nta, usije ukanakiliwa nao. Kisha, kwenye uso wa chini wa bomba la shaba, pale panapokalia mkono wa gia, nikachonga herufi za jina langu na mwaka. Kichwa kikiwa kimefungwa, alama haionekani. Lakini yeyote atakayetaka kujua ukweli, hata baada ya miaka mia, atahitaji dakika moja tu ya kukizungusha kushoto na kukigeuza. Tangu siku ile hakuna kichwa kinachotoka kwangu bila alama hiyo, kiwe kipya cha kung'aa au kilicholika.

Nilifanya na jambo la pili. Nilimpelekea habari yule mfanyabiashara kwamba sasa niko tayari kumfanyia vichwa vyake 12, vilivyolika vile vile alivyotaka, kwa bei yangu ya kawaida, mradi kila kimoja kibebe alama chini. Hakurudi. Sikuhitaji kipimo kingine. Anayetaka nakala haiogopi alama. Anayeiogopa alikuwa akitafuta kitu kingine.

Kijana alikuja kuchukua kichwa chake pamoja na mama yake. Mama huyo alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha gari lile kwa miaka yote hiyo, na kwa dereva anayekaa kulia, mkono unaoshika gia ndio ulio karibu na anayekaa kushoto. Ukimtoa marehemu mwenyewe, hakuna aliyeujua mkono ule kuliko yeye. Alikipokea kichwa kipya, akakitazama, akakihamishia kiganja cha kushoto, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Hiki si chake," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini umekiiga vizuri, fundi."

Akaomba kile kilichopasuka, akakifunga katika leso ileile, akakitia mkobani. Kijana alitaka kunitetea, kana kwamba mama yake amenivunjia heshima. Nilimzuia. Katika miaka yote ya kazi hii sijapata sifa iliyonifaa zaidi ya maneno yale, kwa sababu yalikuwa na sehemu zote mbili, na zilikuja kwa mpangilio wake: kwanza kwamba si chenyewe, ndipo kwamba kimefanana. Anayeweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja hajadanganywa, wala hajanyimwa kitu.

Wapo bado wateja wanaoniuliza kama naweza kuiacha alama, wengine kwa utani, wengine wakiongeza noti juu ya meza. Wengi wao hatimaye hununua kwingine, nami siwalaumu. Soko ni kubwa na msasa unauzwa kila duka. Wanaobaki nawaeleza kwamba bei ni ileile, na alama ni ileile.