Kandanda Kando ya Ziwa: Kalemie

Mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville hadi mwaka 1966, umekaa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, pale mto Lukuga utokapo ziwani. Reli ya kutoka Kabalo iliufikia mwaka 1915.

Wasomaji wapenzi, tazameni ramani, nanyi mtaelewa taabu ya timu ndogo mahali hapa. Katika mashindano ya mji, mchezaji huweza kwenda uwanjani kwa miguu. Lakini timu ikipanda, safari hurefuka: Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 600, na Kinshasa zaidi ya 1,500, hata kama ungeruka kama ndege.

Ujerumani ni ndogo kuliko Kongo mara sita. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 daraja lake la nne limegawanywa kanda tano, na hivyo timu hazisafiri mbali mno. Huko shida ni nyingine: tangu mwaka 2019, mabingwa ni watano na nafasi za kupanda ni nne.

Tusidharau mwanzo mdogo. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto walianzisha timu ya vijana huko Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Ndiyo TP Mazembe, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano. Lakini mji ule una utajiri wa shaba.

Vijana wa Kalemie wana bidii. Nauli ndiyo iwashindayo. Njia njema ingemfaa mkulima, mgonjwa, na mchezaji pia.