Nzi wa Ndoana

Samaki aitwaye trauti si mwenyeji wa mito yetu ya Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta wale wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakawekwa katika mto Gura, milimani Nyandarua; maji yale ya baridi na ya kasi yakawafaa, wakazaana.

Chakula chao ni hasa wadudu wa majini, na katika hao yuko mmoja anistaajabishaye. Buu wake hukaa chini ya mawe miezi mingi. Kisha hupanda juu, huvua ngozi na kuruka kwa mbawa, na baadaye huvua ngozi mara ya pili, jambo lisilofanywa na mdudu mwingine yeyote mwenye mbawa. Akiisha kukamilika hali chakula kabisa. Huruka, hutaga, hufa, pengine siku ile ile.

Basi afungaye nzi wa uongo hubana ndoana ndogo katika jiliwa, kisha huzungusha uzi: nywele tatu ziwe mkia, manyoya ya sungura yawe kiwiliwili, na unyoya wa shingo ya jogoo uwe miguu ya kuelea. Wako wapendao rangi nyingi. Mimi naona rangi hizo huwanasa wanunuzi kuliko samaki. Wanafunzi wangu nawaambia wapindue jiwe kwanza, wamtazame buu, ndipo washike uzi.

Huko juu msituni mawe yana mabuu tele. Walakini chini, miti ya kingo ilikokatwa, jua hupasha maji moto na tope hufunika mawe. Huko twapindua mengi, wala hatuoni kitu.