Ndege ya uani, na swali ambalo hatuulizi

Wadau, kuna habari moja ambayo vyombo vyetu huirudia kila baada ya miaka michache: kijana, fundi wa mtaani, kaunda ndege nyumbani kwake. Picha inawekwa, kijana kakaa kwenye kiti cha rubani, watoto wamejaa nyuma yake. Kisha kimya. Iliruka? Hakuna anayerudi kuuliza.

Mwaka 2010 alikuwa Gabriel Nderitu wa Nyeri, Kenya, mtu wa kompyuta aliyejifunza mengi kwenye intaneti, akafunga injini ya Toyota kwenye ndege yake ya aluminiamu. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Kampala: Chris Nsamba na wenzake, uani kwa mama yake, mtaa wa Ntinda. Mwaka 2019 ikafika huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, fundi wa Tunduma na helikopta yake. Vijiweni Mbeya hadi Iringa watu waligawanyika: shujaa au kichaa. Mimi nilitaka kujua kitu kidogo tu: kinachozuia hasa ni nini?

Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye nimemzoea. Nikamwamkia, nikauliza. Akacheka.

"Mdogo wangu, kuchomelea bomba hata mwanagenzi wangu anaweza. Tatizo ni injini."

Alikuwa sahihi. Injini ya gari hutoa nguvu zake nyingi ikizunguka mara 5,000 na zaidi kwa dakika. Pangaboi la ndege ndogo linataka kama 2,500. Ukiliendesha kasi mno, ncha zake zinakaribia mwendo wa sauti; kelele zinapanda, msukumo unashuka. Kwa hiyo unahitaji gia au mkanda wa kupunguza mizunguko, kitu ambacho hukipati kwenye duka la vipuri vya Corolla. Halafu uzito. Cessna 150, ndege ya kujifunzia, ina injini ya nguvu za farasi 100 na haitakiwi kuzidi kilo 726 ikiwa na watu wawili na mafuta yao. Sasa wewe umechomelea vyuma vya geti!

Kuna jambo jingine ambalo sijaona gazeti likiligusa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15, injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho, na bawa lenyewe linapata hewa pungufu ya kulibeba. Ndege ambayo Dar inanyanyuka kwa kujikongoja, huku kwetu itaishia kwenye viazi vya watu. Iringa nako, pale Nduli, ni zaidi ya mita 1,400. Vijana wetu wamechagua mahali pagumu!

Msinielewe vibaya. Marekani watu wanaunda ndege kwenye gereji za nyumbani kama sisi tunavyofuga kuku. Chama chao, EAA, kilianza 1953. Sharti ni kwamba sehemu kubwa ya kazi uifanye mwenyewe, kwa kujifunza au kujifurahisha. Mkaguzi anakuja, kisha unaruka saa kadhaa za majaribio, kwa kawaida 25 hadi 40, mbali na makazi ya watu, kabla ya kupakia abiria. Hawaoni kichaa wala shujaa. Wanaona mtu mwenye kazi inayohitaji kukaguliwa.

Sisi tuna makofi, na tuna katazo. Katazo nalielewa, kitu kikianguka Mwanjelwa kitamuua mama anayeuza nyanya. Lakini katikati ya makofi na katazo hapana kitu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko hapahapa Mbeya. Mhandisi mmoja na mizani wangeweza kumwambia kijana ukweli kabla hajamaliza akiba yake yote.

Nilimuuliza fundi, je, kijana wa namna hiyo akija kwako leo utamwambia nini?

"Aifunge kwenye mti kwanza. Mnyororo, na katikati mizani ile ya kupimia magunia. Awashe injini, aone inavuta kilo ngapi. Mizani ninayo, aje tu."